Sindano Iliyotoka Mochwari

Katikati ya kichwa chako, ndugu msomaji, nyuma ya mzizi wa pua na chini kabisa ya ubongo, kuna kishimo cha mfupa ambacho wapasuaji wa zamani walikifananisha na tandiko la farasi la Kituruki. Ndani ya kishimo hicho imelala tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere, uzito wake kama nusu gramu. Inaitwa pituitari. Ukiikuta mezani utaipangusa na kitambaa ukidhani ni makombo ya chakula. Lakini hiyo ndiyo inayoziamuru tezi nyingine zifanye kazi. Ndiyo inayoyaita maziwa kifuani mwa mzazi, ndiyo inayoziambia figo zibakize maji, ndiyo inayomwamsha mvulana asubuhi moja akajikuta ana sauti ya kukwaruza. Na ndiyo inayotoa, hasa usiku tukiwa katika usingizi mzito wa mwanzo, homoni ya ukuaji.

Homoni hiyo isipotoka, mtoto hafi. Anabaki. Wenzake wa darasa la kwanza wanafika la tano, la saba, wanaota ndevu na matiti, yeye bado anashika mkono wa mama kuvuka barabara. Akili ni timamu, umri unakwenda, mwili umegoma. Mtaani watamtafutia jina, na majina hayo unayajua, sina haja ya kuyaandika hapa.

Ninachotaka kusimulia ni historia ya sindano inayotibu hali hiyo. Nasema historia kwa sababu kuna wakati sindano hiyo ilikuwa na baba na mama wengi mno, na wote walikuwa wafu.

Niliingia katika habari hii kwa mlango wa jikoni. Mama mmoja wa mtaani kwetu ana binti wa miaka tisa ambaye pituitari yake haitoi homoni ya kutosha. Dawa analetewa na mjomba wa mtoto kutoka nje, inakaa mlangoni mwa friji kati ya nyanya na chupa za maji, na umeme ukikatika mama hana amani mpaka urudi. Siku moja aliniita.

"Mwanangu, wewe unayeshinda na makaratasi, hebu nisomee hiki."

Kilikuwa kile kikaratasi kilichokunjwa mara nane ndani ya boksi, maandishi kama siafu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema saluni wamemwambia dawa hiyo inakamuliwa kwenye vichwa vya maiti, na tangu juzi mkono unamtetemeka akitaka kumdunga mtoto.

Nikasoma. Nikamwambia, "Hapana, mama. Hii imetengenezwa na bakteria. Zamani ndiyo ilikuwa inatoka kwa maiti."

Akanitazama. "Zamani lini?"

Swali zuri kuliko nilivyolidhania. Wale wa saluni hawakuwa wamezua. Walikuwa wamechelewa tu, tena si kwa miaka mingi kama ambavyo ungependa.

Tuanze na panya. Mwaka 1921, huko California, Herbert Evans na mwenzake Joseph Long waliwadunga panya maji yaliyokamuliwa kutoka pituitari za ng'ombe. Panya wakakua, wakaendelea kukua, wakawa majitu ya panya. Kwa hiyo ilijulikana mapema kwamba ndani ya ile njegere kuna kitu kinachorefusha. Mwaka uliofuata, Toronto, Kanada, insulini iliyotolewa kwenye kongosho la mnyama ikamwokoa kijana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa kwa kisukari. Basi kila mtu akapiga hesabu ile ile: kama kongosho la ng'ombe linamtibu mwenye kisukari, pituitari ya ng'ombe itamrefusha mtoto mfupi. Machinjio yamejaa vichwa vya ng'ombe, shida iko wapi?

Shida ilikuwepo. Mwaka 1944 Evans na mkemia mmoja mzaliwa wa China, Choh Hao Li, walifanikiwa kuitenga homoni ya ukuaji ya ng'ombe ikiwa safi. Watoto wakadungwa. Hakuna kitu. Miaka ikapita, madaktari wakabadilisha dozi, wakabadilisha njia ya kukamua, watoto pale pale. Insulini ya ng'ombe na ya binadamu zinakaribiana sana hata mwili haujali. Homoni ya ukuaji sivyo. Kila mnyama ana yake, na mwili wa mtu hauisikii sauti ya ng'ombe. Katikati ya miaka ya 1950 ilionekana kwamba nyani nao wanaitikia homoni ya nyani wenzao, si ya ng'ombe. Mwaka 1956 Li akaitenga ile ya binadamu.

Na hapo ndipo mlango wa mochwari ulipofunguka, maana pituitari ya binadamu utaitoa wapi?

Maurice Raben, daktari wa Boston, alipata njia rahisi ya kuikamua homoni kwa asidi ya asetiki iliyochemshwa. Akamdunga kijana wa miaka 17 ambaye mwili wake ulikuwa wa mtoto. Kijana akaanza kurefuka. Raben aliripoti habari hiyo mwaka 1958 katika barua fupi kwa jarida la madaktari, na barua hiyo fupi iliwasha moto Marekani na Ulaya. Wazazi waliokuwa wameambiwa "mzoeeni hivyo hivyo" sasa walijua dawa ipo. Ilikuwa imefungiwa ndani ya vichwa vya wafu.

Hebu fikiria hesabu yake. Tezi moja inatoa tone tu. Kumtibu mtoto mmoja mwaka mzima kulihitaji makumi ya tezi, na matibabu ni ya miaka, si ya wiki mbili kama malaria. Mwanzoni wazazi wenyewe walihangaika. Kuna waliokwenda kwa madaktari wa kupasua maiti wakaomba tezi moja moja, kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani. Kila mtafiti naye alikuwa na akiba yake anaibania. Ili kumaliza vurugu hiyo, mwaka 1963 Marekani iliunda shirika la taifa la pituitari, likiwa chini ya taasisi za afya za serikali. Kazi yake ilikuwa kukusanya tezi nchi nzima, kuzipeleka maabara zikamuliwe, na kugawa homoni bure kwa watoto waliokubaliwa katika utafiti. Uingereza walikuwa wameanza mwaka 1959. Australia ilianza mwaka 1967. Ufaransa, chama kilichoitwa France-Hypophyse kikashika kazi hiyo mwaka 1973.

Mimi nimekaa sana juu ya sehemu hii ya habari, kwa sababu ndiyo ambayo vitabu vya sifa za sayansi vinairuka. Jaribu kuiona. Ni asubuhi, chumba cha maiti cha hospitali, sakafu imemwagiwa maji. Mhudumu anaufungua mfupa wa kichwa kama anavyofanya kila siku kwa ajili ya uchunguzi. Ubongo ukishatoka, anachungulia kwenye lile tandiko la Kituruki, anachokonoa, njegere inaingia ndani ya chupa ya asetoni au kwenye barafu. Uingereza wahudumu walilipwa kitu kidogo kwa kila tezi. Si fedha ya kumtajirisha mtu, lakini ya chai ipo. Na mtu anayelipwa kwa kuhesabu tezi haulizi sana marehemu huyu alikufa kwa nini. Alikuwa amepoteza kumbukumbu? Alikuwa anatetemeka? Alikufa akipiga kelele asiwatambue wanawe? Kulikuwa na maagizo kwenye karatasi juu ya maiti zipi ziachwe. Karatasi ziko ofisini, chupa iko mochwari.

Na ndugu wa marehemu? Mara nyingi hawakuulizwa. Walizika, wakarudi nyumbani, wakala wali wa msiba wa kwao, bila kujua kwamba nusu gramu ya baba yao inasafiri kwa posta.

Maabara ilikuwa inachanganya. Tezi mia hazitoshi kitu, kwa hiyo zilimwagwa pamoja maelfu kwa maelfu, zikasagwa, zikakamuliwa kwa mkupuo mmoja. Mtoto aliyedungwa Jumatatu alikuwa anapokea, ndani ya chupa moja ndogo, maelfu ya watu wasiofahamiana: mzee wa Liverpool, mwenye duka, mlevi, mtawa. Sisi tunaopenda kuandika tunajisifu kwamba kila mtu ana hadithi yake. Hapa hadithi zote zilipigwa kinu kimoja. Hakuna daftari linaloweza kukuambia ni nani alikuwa ndani ya chupa ipi.

Nisiwe mchoyo wa haki: dawa ilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe kwa sauti, vinginevyo tutawageuza madaktari wale wachawi, na hawakuwa wachawi. Watoto walirefuka. Suruali ziliachwa, viatu vikabana, mama wakalia kwa furaha kwenye vyumba vya kupimia. Marekani peke yake watoto wapatao 7,700 walipitia mpango ule, Uingereza takriban 1,800, Ufaransa nao karibu idadi hiyo. Wengi mno walipata urefu wao, wakaoa, wakaolewa, wakasahau. Ukifika hapa ukafunga kitabu, ni hadithi ya ushindi.

Sasa tuhamie kwa kondoo, halafu Papua New Guinea. Usinichoke, ndugu yangu, njia inapita huko.

Kondoo wa Uingereza wana ugonjwa wa zamani uitwao skrepi. Kondoo anajikwaruza ukutani mpaka manyoya yanatoka, anayumba, anakufa, na ukiupasua ubongo wake unaukuta na matundu kama sifongo. Papua New Guinea, watu wa kabila la Fore walikuwa na ugonjwa wao, kuru, unaotetemesha na kuua. Na waliokufa zaidi walikuwa wanawake na watoto, ambao katika mazishi ya desturi yao walikula ubongo wa marehemu kama heshima. Na duniani kote kuna ugonjwa adimu uitwao Creutzfeldt-Jakob, unaompata kama mtu mmoja katika milioni kwa mwaka, kwa kawaida wazee wa miaka ya sitini. Miaka ya 1960 Carleton Gajdusek na wenzake walionyesha kwamba kuru, kisha Creutzfeldt-Jakob, vinaweza kuambukizwa kwa sokwe kupitia ubongo wa mgonjwa. Mwaka 1974 ilitangazwa kwamba mtu aliyepandikizwa kioo cha jicho kutoka kwa maiti alikuwa amekufa kwa Creutzfeldt-Jakob. Kioo cha jicho! Mwaka 1976 Gajdusek akapewa Nobel.

Mimi kinachonishika koo ni majira. Miaka ile ile ambayo magazeti ya Ulaya yaliwaandika Fore kwa mshangao, jamani, watu wanaokula ubongo, ndiyo miaka ambayo mochwari za London na Paris zilikuwa zinachokonoa chini ya bongo za maelfu ya maiti, kuzisaga pamoja, na kuwadunga watoto wa shule. Fore waliiacha desturi yao mwishoni mwa miaka ya 1950. Wale wengine ndiyo kwanza walikuwa wanaanza.

Kuna mtu aliyeliona. Alan Dickinson, mtaalamu wa skrepi huko Edinburgh, alitumia maisha yake na kondoo, na mwaka huo huo wa 1976 alilionya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza: pituitari inakaa jirani kabisa na ubongo, kitu kinacholeta magonjwa haya hakifi kwa moto wa kawaida wala kwa dawa za kuulia vijidudu, na nyinyi mnachanganya maelfu ya tezi, ikiwemo moja tu yenye ugonjwa, mkupuo mzima umeharibika. Alikuwa hana mgonjwa hata mmoja wa kuwaonyesha. Alikuwa na hoja tu. Wakaanza kupima, kamati zikakaa, barua zikaandikwa na kujibiwa. Sindano ziliendelea.

Marekani mambo yalikwenda tofauti, na sababu yake ni ya ajabu. Mwaka 1977 kazi ya kukamua ilihamishiwa kwa Albert Parlow wa California. Parlow alitaka homoni iliyo safi zaidi, basi. Akaongeza hatua ya kuichuja kupitia bomba lililojaa chembechembe zinazotenganisha molekuli kwa ukubwa. Hakuwa anawinda Creutzfeldt-Jakob. Lakini mpaka leo haijaripotiwa huko Marekani mtu aliyeanza sindano za mpango ule baada ya mabadiliko ya 1977 akafa kwa ugonjwa huo. Waliokufa wote walianza kabla. Upande mmoja wa bahari onyo liliandikwa vizuri halikufuatwa. Upande wa pili hakuna aliyeonya, na mtu mmoja mpenda usafi akaokoa watoto bila kujua. Historia haina adabu, nawaambia.

Mwaka 1984 kijana wa miaka 20 wa California alikuwa safarini kwa ndege na mama yake alipoanza kuona kizunguzungu. Kisha ulimi ukawa mzito. Kisha hatua zikayumba, kama mlevi asiyekunywa. Utotoni alikuwa amedungwa homoni ya ukuaji kwa miaka mingi. Mwezi Novemba alikufa, na ubongo wake ulipotazamwa ulikuwa na yale matundu ya sifongo. Daktari wake wa zamani, Raymond Hintz wa Stanford, hakulala na jambo hilo. Mwanzoni mwa 1985 aliiandikia serikali: nina mgonjwa mmoja, ni kijana mno kwa ugonjwa huu, na alipokea homoni ya maiti. Wengine walisema ni bahati mbaya, mtu mmoja si ushahidi. Mwezi Aprili wakapatikana wengine wawili, mmoja Texas, mwingine jimbo la New York. Ugonjwa wa mmoja katika milioni, wazee wa miaka sitini, na hapa kuna vijana watatu kutoka kapu moja. Mwezi huo huo ugawaji ulisimamishwa Marekani. Uingereza wakafuata mwezi Mei.

Kitu chenyewe kinachoua kilikuwa kimepewa jina miaka mitatu nyuma. Stanley Prusiner alikiita prioni: protini ya mwili wenyewe iliyokunjika vibaya, ambayo ikikutana na mwenzake aliyekunjika vizuri humfundisha ubaya wake. Haina damu, haina chembe ya urithi, si kirusi wala bakteria. Watu walimcheka Prusiner. Nobel yake ilikuja mwaka 1997.

Basi kuanzia Aprili 1985 watoto walikaa bila sindano. Wazazi waliambiwa: mnaweza kusubiri, au mnaweza kubahatisha. Kusubiri nini? Hapa ndipo wanaingia wale bakteria wa kwenye kikaratasi cha mama jirani.

Mwaka 1976 Herbert Boyer, profesa, na Robert Swanson, kijana wa mambo ya fedha, walianzisha kampuni karibu na San Francisco wakaiita Genentech. Wazo lao: ukikata kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini ya binadamu, ukakipachika ndani ya bakteria wa tumboni aitwaye E. coli, bakteria atayasoma maelekezo yale kama yake na kuanza kukutengenezea. Mwaka 1977 walifaulu kwa homoni ndogo iitwayo somatostatini, ambayo kwa asili ndiyo breki ya homoni ya ukuaji. Mwaka 1978 insulini. Mwaka 1979 homoni ya ukuaji yenyewe, mkufu wa asidi amino 191, mrefu kupita kiasi kuuunga wote kwa mkono wakati ule. Kwa hiyo David Goeddel na wenzake waliunga kipande cha mwanzo kwa kemia, na kilichobaki walikinakili kutoka kwenye ujumbe uliokuwa ndani ya pituitari ya binadamu. Umeona? Hata hii ya bakteria, nakala yake ya kwanza ilichukuliwa kwenye ile njegere.

Nakala hiyo nayo ilizua kasheshe. Peter Seeburg, aliyekuwa ametoka maabara ya chuo kikuu kuhamia Genentech, alisema mahakamani mwaka 1999 kwamba alichukua sampuli za DNA kutoka chuoni, usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1979, na kwamba zilitumika. Goeddel alikana. Jopo la mahakama halikuafikiana, na mwaka huo huo kampuni ikakubali kukilipa chuo dola milioni 200 ili yaishe. Usiku wa sikukuu, watu wanapiga vigelegele, mtu anatoka na vichupa mfukoni. Ningeandika mimi katika hadithi fupi, mhariri angeniambia nimetia chumvi.

Mwezi Oktoba 1985, miezi sita baada ya chupa za maiti kufungiwa, Marekani iliidhinisha homoni ya bakteria, jina la dukani Protropin. Ilikuwa na asidi amino moja ya ziada mwanzoni mwa mkufu. Mwaka 1987 kampuni ya Lilly ikaleta ile inayolingana sawasawa na ya mwili. Ndiyo hiyo, kwa majina mbalimbali, inayodungwa mpaka leo chini ya ngozi ya paja au tumbo, kwa kawaida kila usiku, kuigiza mpigo wa usingizi. Inakwenda mpaka ini, ini linatoa kichocheo kingine kiitwacho IGF-1, nacho kinaiambia gegedu iliyo karibu na ncha za mifupa iendelee kujenga. Ncha hizo zikishafunga baada ya balehe, hata umwage ndoo nzima mtu harefuki. Ndiyo maana siku za mtoto zinahesabiwa. Tangu mwaka 2021 Marekani ilipoidhinisha ya kwanza, zipo pia za watoto za mara moja kwa wiki.

Kuna jambo moja linanikera, niliseme. Homoni ya maiti ilikuwa haba na ilitolewa bure. Ya bakteria inaweza kujaza matangi, na tangu siku ya kwanza bei yake kwa mtoto mmoja ilikuwa maelfu ya dola kwa mwaka. Genentech ilipewa ulinzi wa miaka saba wa kuuza peke yake chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1983 kwa ajili ya dawa za magonjwa adimu. Halafu, dawa ilipokuwa nyingi, ugonjwa nao ukatafutiwa wateja. Mwaka 2003 Marekani iliruhusu sindano hiyo kwa watoto wafupi sana ambao homoni yao haina kasoro yoyote, yaani ni wafupi tu, kama babu yao. Wanariadha walikuwa wameshaingia zamani. Kwa hiyo leo duniani yuko mtoto mwenye afya anayedungwa ili aongeze sentimeta chache kwa sababu baba ana uwezo, na yuko mwenye pituitari iliyokufa ambaye mjomba hajasafiri mwezi huu.

Kesi zilikuja, pole pole kama ugonjwa wenyewe. Mwaka 1994 Australia ilitoa ripoti ya uchunguzi wa serikali. Kule hata wanawake waliotafuta mimba walikuwa wamedungwa homoni nyingine ya pituitari za maiti, na wachache wao walikufa. Ufaransa ndiko msiba ulikokuwa mkubwa kuliko kote, zaidi ya watu 100. Walikuwa wakikusanya tezi hata kutoka hospitali za wazee na za wagonjwa wa ubongo. Madaktari walishtakiwa, kesi ikachukua miaka na miaka, mwaka 2009 wakaachiwa huru wote waliokuwa kizimbani. Uingereza waliokufa wamepita 75, Marekani wamepita 30.

Hukumu ya London ya mwaka 1996 nimeirudia mara nyingi. Jaji alikubali kwamba serikali na Baraza la Utafiti walizembea, kwa kuwa onyo walikuwa nalo. Lakini uzembe, katika sheria, una tarehe. Akaiweka: tarehe 1 Julai 1977. Kufikia siku hiyo, alisema, watu makini wangekuwa wameshasitisha kuwaanzishia watoto wapya. Katika hukumu hiyo ya mwanzo, familia ya mtoto aliyeanza sindano baada ya hapo ilishinda. Aliyeanza mwezi mmoja kabla, akafa kwa ugonjwa ule ule, kwa chupa pengine ya mkupuo ule ule, hakuwa na wa kumlaumu. Sijui mzazi anaisomaje tarehe kama hiyo kwenye kalenda ya ukutani.

Ugonjwa wenyewe haujui tarehe. Wako waliougua zaidi ya miaka 30, hata 40, tangu sindano ya mwisho, wakiwa wameshasahau harufu ya spiriti ya kliniki. Na mwezi Januari 2024 watafiti wa London, wakiongozwa na John Collinge, waliandika juu ya watu watano waliodungwa homoni ya maiti utotoni, ambao hawakupata Creutzfeldt-Jakob bali dalili za ugonjwa wa Alzheimer, wengine wangali na miaka ya arobaini hivi. Chupa zile, inaonekana, zilibeba pia mbegu za protini ya ugonjwa huo. Hauambukizi kwa kumshika mtu wala kula naye sahani moja. Watafiti walisisitiza hilo. Ulipita kwa sindano ile, na sindano ile haipo tena.

Waliodungwa wengi wapo hai. Wa mwisho wao sasa wako katika miaka ya arobaini na hamsini, warefu kiasi chao, wana watoto, wengine wajukuu. Mkono ukitetemeka wakishika kikombe, wakisahau jina la jirani, wanafikiria lile lile. Uingereza walitafutwa na kupewa taarifa mmoja mmoja, na hadi leo, mtu akisema kwamba utotoni alipewa homoni ya ukuaji kabla ya katikati ya mwaka 1985, damu yake haipokelewi.